Mgonjwa Wetu

Kila asubuhi, kabla sijafungua sanduku la tupa,
naandika bei kwa chaki kwenye nguzo ya baraza,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo:
mia moja na themanini.

Sikudhani hapiti na beseni lake la vitumbua
bila kunikagua uso.
"Mgonjwa kaamkaje?"
"Kanywa uji."
Maana yake imepanda shilingi tano.
Ikishuka, nasema kashindwa kugeuka.
Isipouzwa hata moja, nasema kalala tu, anapumua.

Siku moja mama mmoja, kaja kuchongesha ufunguo wa geti,
alitusikia, akaacha elfu mbili juu ya jiliwa:
"Mpelekeeni maziwa."
Tukaona haya kumwambia
kwamba mgonjwa ana ghorofa tisa na lifti mbili,
na kilichomlaza ni mikopo chechefu:
walikopa wakubwa, wakabadili namba za simu.
Ile elfu mbili tulinunua hisa kumi.
Chenji ikaishia kwenye ada.

Mwalimu Kayuni alinunua kwa mia tano,
mwaka ule wa foleni na fulana za bure,
kiinua mgongo kikiwa bado cha moto.
Hisa elfu mbili.
Cheti akakifungia sandukuni;
funguo nilimchongea mimi, mbili,
mmoja akampa mkewe.
Akaiona bei ikishuka ngazi:
mia nne. Mia mbili. Themanini.
Tukamwambia, Mwalimu, okoa kilichobaki.
"Mgonjwa hauzwi," alisema. "Mgonjwa huuguzwa."

Mimi si muuguzi. Mimi nilinusa.
Taarifa ya robo mwaka ikitoka gazetini
naisoma kwa lenzi ileile ya kusomea meno ya funguo:
hasara imepungua.
Robo iliyofuata, faida, punje moja.
Nikatoa akiba ya bati la nyumba ya Chanika,
nikaweka oda kwa dalali:
nanunua elfu mbili, kwa mia moja tisini na tano.
Nikangoja. Wiki tatu hakuna aliyetaka kuuza;
kila mtu alikuwa anaota mia tatu.

Julai, Mwalimu hakuonekana.
Figo, alisema Sikudhani. Yuko hospitali,
wanamsafisha damu, kila safari ni hela taslimu.
Tukachanga. Nilitoa elfu kumi.

Alhamisi simu ikatetemeka:
oda yako imekamilika.
Nikaagiza chai na chapati mbili.
Nilikuwa natafuna ya pili
namba iliponirudia.
Elfu mbili, zote kwa mkupuo mmoja,
kutoka mkono mmoja.

Dalali haandiki jina la muuzaji.
Na elfu mbili ni namba ya watu wengi,
Dar hii nzima, wangapi wana elfu mbili.
Najiambia hivyo.
Hata usiku najiambia.

Septemba ikafika mia mbili na sabini.
Mwalimu akarudi, suruali imemzidi kiuno,
mkewe amemshika kiwiko.
Akatoa funguo mbili, akaziweka juu ya meza yangu.
"Zitakufaa kwa shaba," alisema.
"Sina tena cha kufungia."
Akaketi juu ya ndoo, akatweta,
kisha, kwa mazoea tu:
"Enhe. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Sikudhani akainamia beseni
akaanza kuhesabu vitumbua alivyokwisha kuvihesabu.

Nami niliegemea nguzo,
nikajisugua taratibu, kama mtu anayewashwa mgongo,
kushoto, kulia,
mpaka nikajua chaki yote imehamia kwenye shati.

"Bado yuko kwenye uji, Mwalimu," nilisema.
"Bado."